Ulichowaambia Wafini Juu Yetu

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Salamu nyingi sina. Mama yako anakuombea kila jioni, kwa hiyo hukosi za kwako. Nakuandikia waziwazi, gazetini, kila mtu asome, kwa sababu na wewe ulinisema mbele ya watu. Tofauti yetu ni moja: wewe ulidhani sielewi, mimi najua utaelewa.

Ili wasomaji wasipotee, nikukumbushe unayoyajua. Misheni ilitafuta vijana wawili wa Upare wakakae mwaka mmoja Ufini, kwenye shule ya wakulima, na wao walete wawili wa kwao waje kwetu milimani. Wewe ulichaguliwa kwa vyeti vyako. Mimi niliyeishia darasa la nne nilichukuliwa kwa sababu nilijua kufuma na kushona, na kwa sababu posa ilikuwa imeshapokelewa, mchungaji akaona ni heri tuende pamoja. Tukapanda treni pale Same huku mama yako akikimbia na behewa, akikukumbusha uvae soksi.

Tulifika kwa wenyeji wetu jioni. Yule mzee mwenye nyumba alitushika mikono, akakaa mezani, akala, akainuka. Neno hakusema. Kwetu mgeni huulizwa habari za alikotoka, za njiani, za mvua, za mifugo, za wagonjwa, mpaka chakula kinapoa. Mwenyeji asiyekuuliza habari amekwisha kukufukuza. Asubuhi nikakukuta umefunga sanduku kwa kamba, umevaa suti, umesimama mlangoni.

"Tumewaudhi," uliniambia. "Tuondoke kabla hawajatutoa."

Na mimi niliogopa, sikatai. Mzee akaja, akakutazama, akatazama sanduku, akalibeba akalirudisha ndani. Kisha akakutia mkononi uma wa kuchimbia viazi. Kumbe hakuwa amekasirika. Maneno tu ndiyo hana, na wengi wa kule ni hivyo hivyo. Kwake yeye, mgeni aliyeamka mapema na kuvaa viatu ni mgeni anayetaka kazi.

Siku ile majirani walikuwa wanakuja kumvunia viazi. Wao wanaita talkoot. Hakuna anayelipwa. Mwenye shamba anapika, watu wanakuja na zana zao, kesho ni zamu ya mwingine. Nilihesabu watu arobaini na mmoja, vikongwe kwa wasichana, na kila mmoja aliujua mstari wake bila kuelekezwa. Moyo wangu ukatulia, nikajiona nimefika kwa watu. Nikakunong'oneza, "Si msaragambo huu?"

Ukanijibu, "Acha ushamba. Hawa ni Wazungu."

Haikupita saa ukawa umekaa juu ya gunia unapuliza malengelenge. Nikakuonea huruma, mjinga mimi. Sikuelewa kwamba hapo ndipo penye mzizi wa mambo yote. Wewe msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, hukuwahi kuufika hata mara moja. Baragumu likilia kilimani, kila nyumba hutoa watu wake na majembe, wazibue mfereji au watoe tope kwenye ndiva, lile bwawa linalotunza maji yetu ya kumwagilia. Wewe ulikuwa bweni, na wakati wa likizo ulikuwa "unapumzisha akili". Mama yako ndiye aliyetoka na majembe mawili begani, lake na lako, akalima sehemu mbili ili nyumba yenu isitozwe mbuzi. Hukujua kwa sababu hukuuliza.

Mambo mengine ya kule niliyapenda. Maziwa yao yaliyoganda yangempendeza hata bibi yangu. Kahawa yetu, tunayoichuma na kuishusha bondeni bila hata kuionja, wao wanainywa asubuhi, mchana na jioni, donge la sukari wamelibana menoni. Siku ya kwanza uliitema. Haukupita mwezi ukawa unawaeleza wenzako shuleni ipi imekaangwa vizuri na ipi imeungua. Na kila Jumamosi walioga katika kile kibanda cha mvuke, wanaume zamu yao, wanawake zamu yao, wakiwa uchi, wakimwagia maji mawe ya moto. Ulikataa kuoga na mzee, kwa kuwa kwetu mtu hatazami uchi wa baba. Nilikuheshimu. Mzee naye alikuheshimu, akakuachia uoge peke yako. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomwona Mpare ndani yako.

Ikaja Pasaka. Kanisani wakakuomba useme habari za kwenu. Ulisimama ukiwa umechana nywele, ukasema Kifini chako cha vitabuni, mimi nimekaa benchi la mbele na Kifini changu cha jikoni, ambacho hukuwahi kukipima. Ukawaambia kwamba kwetu kila mtu anajilimia peke yake, hakuna anayejua kumsaidia jirani. Ukawaambia maji tunasubiri yadondoke mbinguni. Kisha ukanyoosha kidole kwangu, ukasema msichana huyu alikuwa auzwe kwa mbuzi na ng'ombe, na wewe umemwokoa. Kina mama wakalia. Mmoja akaja akanishika mashavu. Wewe ukaondoka pale na koti la manyoya walilokuzawadia.

Njiani kurudi nilikuuliza, "Nani aliuzwa?"

Ulisimama kwenye theluji. "Kumbe umeelewa?"

"Nimeelewa. Nani aliuzwa?"

"Wewe huwajui watu hawa. Ukiwaambia tuko sawa na wao, nani atakupa kitu?"

"Kwa hiyo mama yako umemfanya mvivu upate koti."

"Mama yangu hayupo hapa," ukasema, kama vile hilo ni jibu.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwenye mvuke na mama mwenye nyumba. Mule ndani ndimo wanamozungumza, kana kwamba maneno yao nayo yanahitaji kupashwa moto. Akaniuliza polepole, nielewe, kama kweli niliuzwa. Nikamweleza posa kwa Kifini changu kibovu: kwamba wazee wa koo mbili walikaa, kwamba niliulizwa mara tatu mbele yao kama ninakubali, kwamba mbuzi ni heshima kwa walionilea. Akafikiri sana, akamwaga maji.

"Mimi sikutolewa hata kuku," akasema. "Na maneno ya yule bwana hayafiki kumi kwa wiki."

Tulicheka mpaka tukatoka nje kutafuta hewa. Yule mama alinielewa kwa kibakuli kimoja cha maji. Wewe uliyesoma miaka yote ile hukuelewa.

Mwaka ulipokwisha nilirudi. Wewe ukasema masomo yameongezwa. Fundi seremala wa pale Same alinitengenezea mtambo wa kufumia kwa mchoro niliomchorea mwenyewe mavumbini, na leo nusu ya nyumba za milimani zinajifunika mablanketi yangu. Hakuna aliyenilipia chochote. Sikumlilia mtu kanisani.

Sasa barua yako imefika kwa wazee. Unasema utarudi mvua zijazo, harusi iandaliwe, na kwamba unaleta mpango wa kuwafundisha Wapare kufanya kazi pamoja, kama ulivyoona kwa Wafini. Ilisomwa nyumbani kwetu, baba zangu na baba zako wamekaa. Ungewaona. Mzee wa mfereji aliomba isomwe tena, akidhani msomaji amekosea.

"Huyu analeta jembe," akauliza, "au anatuletea Bwana Shauri mwingine?"

Kicheko kilichopigwa pale, nina hakika Bwana Shauri mwenyewe, yule Mzungu wa serikali anayetuamuru kazi asiyoishika, alikisikia ofisini kwake. Mama yako peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama, anavuta uzi kwenye pindo la khanga.

Baba yangu akatulia, akaniuliza, "Binti yangu, jibu ni lako. Unasemaje?"

Ndipo nikawaeleza habari ya Pasaka. Sikuongeza, sikupunguza. Nilitamani mama yako asiwepo, lakini alikuwepo. Nilipofika mahali uliposema kwamba kwetu hakuna anayemsaidia jirani, aliacha kuvuta uzi. Watu wote wakatazama chini, maana hakuna mtu pale asiyejua nani amelima sehemu ya nani.

Nikasema simtaki.

Wazee wakakubali. Mama yako akaja nyuma ya nyumba nilipokuwa nimesimama. Hakukutetea. Sikujua kama nilitarajia akutetee.

"Sina la kukuzuia, mwanangu," akasema. "Ila nilikuwa nimeshakuhesabu."

Umeona ulichofanya? Mimi kukukataa wewe ni kazi rahisi, kama kutupa punje iliyooza. Kumkosesha yeye mkwe ndiko kulikonitoa machozi, na machozi hayo nakudai wewe.

Nikamwambia, "Usinitoe kwenye hesabu, mama. Nimemkataa mwanao. Wewe sijakukataa."

Tangu siku hiyo anakula kwangu Jumapili. Hatukutaji. Mbuzi wamerudishwa kwenu; walikuwa wamezaa, na watoto wao wamekwenda nao. Blanketi ulilompa mama yangu siku ya posa nalo limerudi, limefuliwa. Huna chako kwetu, na sisi hatuna chetu kwako.

Ukitaka kurudi, rudi. Milima hii ni ya kwenu pia, na hakuna atakayekufungia njia. Tukikutana sokoni utanisalimia, nami nitakuitikia, maana nililelewa. Watakaokuzunguka wakitaka kusikia habari za Ufini, wasimulie upendavyo. Mimi usinisimulie. Nilikuwepo.

Ni mimi,
mtoto wa mama yako, asiyekuwa mke wako.