Niitie Padre

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Kahawa mmemaliza kuchuma? Mimi mwili mzima, ila moyo umevunjika, na huku Uluguru sina mwingine wa kumwambia.

Padre Aloisi amefariki. Ni yule mzee mstaafu niliyeishi naye hapa parokiani, aliyekusalimia kwenye simu akakuita dada. Aliletwa apumzike, lakini angepumzikaje? Padre ni mimi peke yangu, vigango tisa, vingine hata pikipiki haifiki.

Jumamosi moja nilikuwa na maziko mawili na ndoa. Akaja mtu kuomba mpako wa wagonjwa kwa mama yake, kule juu kabisa. Nikamwambia asubiri kesho. Mzee akasikia, akachukua fimbo.

“Baba, mvua hiyo,” nikasema.

“Na mgonjwa je? Atangoja?”

Nikamwacha aende. Nikwambie ukweli, mama, nilifurahi kupunguziwa kazi.

Alirudi amelowa chepechepe. Jumatatu akaanza kukohoa. Hospitali ya mjini alikataa, nami sikumlazimisha. Alhamisi alikunywa uji, akacheka kidogo, nikaona amepata nafuu. Nikapanda kigango cha mbali kuungamisha watu. Huko simu haishiki.

Mchana hali ikabadilika. Mpishi wetu, Mama Veronika, anasema mzee alimshika mkono akamwambia, “Niitie padre.”

“Anakuja, baba.”

Akauliza tena. Na tena. Nilipofika saa kumi na moja, walikuwa wameshamfunika shuka.

Maisha yake yote aliwafuata watu vitandani na mafuta matakatifu. Siku yake ilipofika hakupata padre, kwa sababu padre ni mimi, na sikuwepo.

Tulimzika Jumatatu. Watu wananipa pole, nami nashindwa kuwatazama usoni. Kabla sijavua kanzu, katekista alinijia na orodha ya wagonjwa wanaosubiri. Nikaenda. Ningefanyaje?

Krismasi sitaweza kuja, usinikasirikie. Nikipatiwa msaidizi nitaomba siku chache. Nataka nilale tu hapo kwako, mama, asiwepo wa kunigongea mlango.

Nisalimie kaka Fidelisi na mkewe, na shangazi wa kwaya. Waambie wamwombee mzee. Wewe niombee mimi.

Mwanao,
Deo