Bibi Hakuitwa

Kwako Shangazi,

Tangu nimalize shule najifunza kuandika programu za kompyuta kwenye kliniki ya macho. Kompyuta ilitakiwa iwaite kwa upasuaji waliozidi miaka sitini, au wasioona jicho moja. Mimi nikaandika "na" badala ya "au", ikawaita wenye yote mawili tu. Niliona haya kuomba mtu anikagulie. Bibi haoni jicho moja, lakini ana hamsini na tisa. Madaktari wageni waliokuja kufanya upasuaji wameshaondoka, na jicho la pili linafifia.

"Mashine yako imeniruka, mjukuu wangu?" aliniuliza.

"Labda mwakani, Bibi."

Akacheka. "Imeniona bado msichana!"

Sijamwambia mtu, Shangazi. Nifanyeje? Kila asubuhi ananishika bega nimpeleke uani, kisha ananishukuru.

Ni mimi,
binti wa kaka yako