Upawa wa Mheshimiwa

Jumamosi usiku, Voi

Leo kwenye mazishi katika kijiji cha Wusi, mke wangu, mwakilishi wao wa wadi, hakumaliza hata salamu. Vijana walipiga miluzi: "Rudi jikoni, mama!" Mmoja akamrushia chupa.

Mimi nilikuwa nyuma ya hema, na kitambi changu chote, nikijifanya natafuta kiti.

Mke wangu akaweka maiki chini, akaenda jikoni kweli, akashika upawa. Saa ya chakula wale wale wakapanga foleni mbele yake.

"Nikuongeze, mwanangu? Kelele huleta njaa."

"Asante, mheshimiwa."

Nyumbani nilimvua viatu mimi. Naogopa siku moja, badala ya chupa, itakuwa jiwe.

Jumatatu ana mkutano Mghange. Nimemwambia nitakaa mbele.

Amecheka. "Na kitambi hicho? Kaa, chupa zisinifikie."

Nitakaa.