Kwa Baba Fabiani, Uliyetaka Erika Badala ya Saruji

Ni mwaka mmoja sasa tangu tulipokuteremsha kwenye udongo wa Kilole, Baba, tarehe 11 Septemba 2024, na bado hatujakujengea kaburi. Wapo wanaouliza kwa nini. Leo tunazungumza nawe mbele yao, wasikie wenyewe.

Ulitunza bustani ya masista kule Lushoto kwa miaka kumi na tisa. Uliporudi Korogwe hukuleta redio wala godoro. Ulileta ndoo mbili za miche ya erika, ule mmea mfupi unaotambaa chini kama mkeka, kijani masika na kiangazi, wenye vimaua vya zambarau vidogo kama punje za mtama. Watu wakasema joto letu litaiua ndani ya mwezi. Miche ya kwanza ikafa. Ya pili ikafa. Ya tatu ukaipanda ubavuni mwa nyumba, upande ambao jua la mchana halifiki, na hiyo ikakaa.

Jirani yako Mzee Jabiri alikuwa akisimama uani na kukucheka. "Fabiani, majani hayo mbuzi hayali, mkeo hayapiki, nawe unayatunza kama mtoto mchanga?"

"Jabiri," ulimjibu, "kwani wewe kila unachokipenda unakila?"

Lakini ni yeye aliyekuletea kwa lori lake magunia ya majani makavu ya mipaini kutoka milimani, maana erika hupenda udongo wenye uchachu, na jivu huuondoa. Mama akishika tu karai la jivu kwenda kwenye mchicha wake, sauti yako ilisikika hadi barabarani: "Mama Rhoda, jivu lisifike huku!"

Ulitufundisha kulaza tawi. Unaliinamisha, unalifukia katikati, unaliwekea jiwe, unasubiri miezi. Linatoa mizizi yake likiwa bado linanyonya kwa mama yake, ndipo unalikata. Hukuwahi kutuharakisha. Ulitukaripia tulipofukua kuchungulia.

Ulipolala kitandani kwa mara ya mwisho ulituita wote tuliokuwepo. "Msinimwagie saruji. Nifunikeni kwa erika." Baba Mkubwa Richard, kaka yako, alipinga palepale. Alisema watu watadhani tumekutupa. Ukamwomba mwaka mmoja tu. Mwaka ukiisha na erika haijakufunika, basi wajenge. Akakubali, na mimi nilikuwa nimekushika mkono.

Mvua za vuli tulipanda miche kumi na miwili juu yako. Kufikia Pasaka ilikuwa imekufunika kutoka kifuani hadi magotini.

Jumamosi ya Pasaka dada yako, Shangazi Edna, aliteremka kwenye basi kutoka Kwaluguru na kupitiliza makaburini na jembe lake, kabla hata ya kufika nyumbani. Hatukuwa tumemwambia habari ya erika. Nawe unajua kwetu kaburi linalotunzwa huwa jeupe, limepaliliwa na kufagiwa. Lenye majani ni la mtu ambaye ndugu zake wamekwisha. Alilima yote. Akafagia. Akaja nyumbani akijifuta jasho, amefurahi.

"Nimemsafisha kaka yangu. Jamani, alikuwa kaotewa kama hana watu!"

Mimi nilipiga kelele, Baba. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii shangazi yake. Yeye nimeshamwomba msamaha, na wewe nakuomba leo. Asubuhi ya Pasaka, kabla ya kanisa, tulimkuta amechuchumaa ubavuni mwa nyumba, gauni la sikukuu limejaa udongo, akimuuliza Mama, "Wifi, hili tawi linalazwaje?"

Alikaa nasi wiki tatu. Miche iliyoko juu yako sasa kaipanda yeye, kutoka kwenye matawi tuliyokuwa tumeyalaza zamani. Imeshika yote, lakini ni midogo, na yote kwa pamoja haijazidi upana wa sinia.

Jumapili iliyopita Baba Mkubwa aliitisha kikao. Mwaka umeisha, alisema, na mifuko ya saruji ilikuwa tayari barazani. Nikasimama nikamsomea haya, niliyoyatunga usiku kucha:

Lala Baba pumzika, jembe liko mkononi,
Tawi chini tutazika, litaota ardhini,
Saruji ikimwagika, tutaketi kaburini,
Kijani kitafunika, miguuni na kichwani.

Alisikiliza hadi mwisho. "Vizuri, Mikaeli. Sasa kaa chini. Mashairi hayazuii ng'ombe kukanyaga kaburi."

Ndipo Shangazi Edna aliposema, bila hata kusimama. "Kaka, Fabiani alipewa mwaka mzima. Mimi nimemkatia katikati kwa jembe langu. Mnataka kumwadhibu marehemu kwa kosa langu? Mwaka uhesabiwe upya, tangu Jumamosi ile."

Baba Mkubwa aliangalia mikono yake, kisha akamwangalia dada yake.

"Hadi Pasaka," alisema. "Na saruji yangu je?"

"Jengea choo chako, shemeji," Mama akamwambia, "kimeinama." Baba Mkubwa alicheka, Baba. Kile kicheko chenu cha ukoo. Mifuko iliondoka jioni ileile.

Kwa hiyo tunawaambia ninyi mnaosoma. Mkipita makaburini Kilole, mkamkuta mtu mmoja amelala chini ya majani, msimwonee huruma. Msitusaidie kupalilia. Msing'oe hata jani moja. Ana watu wake, na kila asubuhi mmoja wetu yuko pale na kopo la maji ya mvua.

Nawe, Baba, tulia. Pasaka utakuwa umefunikwa. Hatubahatishi, tunakuahidi.

Tunaokukumbuka ni mkeo Stefania. Watoto wako Rhoda, Grasiana na Mikaeli. Kaka yako Richard. Dada yako Edna wa Kwaluguru. Na jirani yako Jabiri, ambaye wiki hii ameleta gunia jingine la mipaini bila kuombwa.

Daima tutakukumbuka, Baba Fabiani, na mikono yetu ikiwa na udongo.