Kengele Sikuipiga

Alhamisi, Mfungo Tano.

Kaskazi imevuma tangu alfajiri, kavu, ya kupasua midomo. Nimerudi kazini na vumbi la pamba masikioni. Tangu Jumamosi sijaandika neno humu. Leo naandika yote kama yalivyofuatana, nisije nikajisahaulisha.

Mimi ni fundi wa injini katika kiwanda cha pamba cha tajiri wetu, Sethi Karsan, hapa pembezoni mwa mji wa Malindi. Injini ni moja, ya mvuke, na kila kitu kiwandani kinategemea nguvu yake: mashine sita za kuchambua pamba, mtambo wa kufunga marobota, bomba la maji, na dainamo inayowasha taa za stima. Taa hizo si pambo. Upepo huu ukiingia ndani hupeperusha pamba yote, basi madirisha ya mbao hufungwa, na mchana wa jua kali mle ndani huwa giza. Taa ya mafuta haiwezi kukaribia pamba. Cheche moja, tumekwisha. Bila ya stima hakuna aonaye mkono wake.

Msimu uliopita stima ilikuwa ikizimika kila mara. Sethi alidhani dainamo ni mbovu. Haikuwa mbovu. Tulikuwa tukitaka vyote kwa wakati mmoja, na injini ikielemewa hupunguza mwendo, taa zikawa nyekundu kama makaa, kisha giza. Nikakaa na wanawake wanaolisha mashine, tukapanga zamu. Bomba livute maji alfajiri, kabla ya kazi kuanza. Mashine zote sita zichambue asubuhi. Mtambo wa marobota, ulio mlafi kuliko vyote, usiguswe mpaka baada ya adhuhuri, na kabla ya kuguswa mashine tatu zisimame. Tena tusiitumie nguvu yote hata siku moja. Ibaki akiba, maana kuni nyingine huja mbichi na mvuke hushuka ghafla. Mimi nipige kengele, wanawake watoe mikono, ndipo nivute mpini wa mtambo.

Tangu siku hiyo hadi Jumamosi taa hazikuzimika hata mara moja. Nilijivuna. Nilijivuna mno.

Jumamosi baada ya alasiri Sethi aliingia mwenyewe. Si mtu mwovu, niliandike na hilo. Lakini meli ilikuwa imetia nanga, inaondoka asubuhi yake, na pamba nyingi ilikuwa bado haijafungwa.

“Leo washa vyote pamoja,” akaniambia.

“Sethi, injini haitaweza. Taa zitazimika.”

“Zitafifia tu kidogo. Ni kwa saa moja, Fundi Mselem. Au nitafute fundi mwingine Mombasa?”

Nikaangalia saa ya mvuke, ile inayoonyesha nguvu ya injini. Mshale ulikuwa juu, mahali pazuri. Nikajiambia safari hii itapita. Kamba ya kengele ilikuwa inanigusa bega. Nikiivuta, wanawake watasimamisha mashine kama tulivyoagana, na Sethi anataka ziendelee.

Sikuipiga.

Nikavuta mtambo. Injini ikaguna. Taa zikashuka, zikawa nyekundu, na mkanda wa dainamo ukaruka kutoka kwenye gurudumu lake. Giza likaingia mara moja. Mashine hazikusimama, ziliendelea kuzunguka gizani, nasi tunazisikia tusizione. Nikapapasa kutafuta mpini wa kufungia mvuke. Kabla sijaufikia nikasikia ukelele.

Madirisha yalipofunguliwa, pamba ikapaa mpaka dari, na chini yake nikamwona Nyevu. Yeye ndiye aliyekuwa akilisha mashine ya nne, mwanamke wa Kigiriama ambaye kwao ni Magarini, msimu wake wa pili hapa. Alikuwa ameketi sakafuni, mkono wa kulia ameufunga kwa kanga yake mwenyewe. Hakuwa akilia tena. Alikuwa akiiangalia kanga inavyobadilika rangi.

Amepoteza vidole vitatu.

Jumatatu Sethi alituita sote uani. Mashine zilikuwa bado zimesimama, mkanda unashonwa. Akasema ajali imetokea kwa kuwa Nyevu alisinzia kazini, na kwamba mkanda kuruka ni amri ya Mungu. Akasema nafasi ya Nyevu itapewa mtu mwingine. Kisha akanitazama. Alikuwa akingoja niseme neno, na neno alilolitaka lilikuwa moja tu.

Nikasema, “Mikanda huruka.”

Ni kweli mikanda huruka. Sijapata kusema uongo mkubwa kuliko kweli ile. Mwanakombo, mama mtu mzima anayewasimamia wanawake wa mashine, alinikazia macho mpaka nikaangalia chini. Yeye alikuwa karibu nami Jumamosi. Alijua kwamba kengele haikulia. Alikuwa ananipa nafasi niseme mwenyewe, nami sikuitumia.

Jumanne sikuwa na kazi mpaka mkanda ukamilike. Nikatoka kabla ya jua, nikavuka Sabaki kwa mtumbwi, nikafika Magarini jua limeshapanda. Sijui nilikwenda kutafuta nini. Labda nilitaka kusamehewa kabla ya kukiri, jambo ambalo halipo.

Mume wa Nyevu, Kahindi, alinikuta njiani karibu na boma lao. Akanipokea vizuri. Hilo lilinichoma. Akaniletea kigoda na maji ya kunywa, akaniuliza habari za mjini, akanishukuru kwa kuja mbali namna hii kumwangalia mkewe. Nyevu akatoka nyumbani, mkono umefungwa kitambaa cha dresa wa hospitali, ameuinua kifuani kama anayebeba mtoto. Akaketi juu ya mkeka. Tukaamkuana.

Kisha akaniuliza, bila hasira, kama anayetaka kujua tu:

“Fundi, mimi kengele sikuisikia. Nimewaza siku zote hizi. Ililia, nami sikusikia?”

Nikafahamu kwamba siku tatu alikuwa akijilaumu. Alikuwa amelala na maumivu yake, na juu ya maumivu amejitwika kosa langu.

“Haikulia,” nikamwambia. “Sikuipiga. Sethi alitaka mashine zisisimame, nami nilimwogopa. Wewe hukukosa kitu.”

Kahindi akasimama. Nilidhani atanipiga, na ningekaa pale pale anipige. Hakunipiga. Alikwenda mpaka ukingo wa shamba, akatugeuzia mgongo, akasimama huko.

Nyevu alimfuata mumewe kwa macho. Aliposema, sauti ilikuwa ndogo.

“Wewe huwa umesimama mbali na mashine, Fundi. Sisi ndio tunaotia mikono. Mbona kengele iko kwako?”

Nilipoipanga kanuni ile nilihesabu mashine, kuni, mvuke na saa za kazi. Nilihesabu kila kitu isipokuwa woga wangu mwenyewe. Kamba nikaitundika pale anapoifikia Sethi kwa neno moja.

Niliondoka bila ya kusamehewa, na ni haki.

Jana Jumatano, mkanda ulipokwisha kufungwa na watu wamekusanyika kuanza kazi, nikasimama mlangoni nikasema kwa sauti ya kusikika. Nikasema Nyevu hakusinzia. Nikasema nilivuta mtambo mashine zote zikiwa zinazunguka, tena bila ya kengele, nami nilijua fika kwamba taa zitazimika. Nikamtaja na aliyeniamuru.

Sethi akawa mwekundu. “Umeniaibisha mbele ya watu wangu!”

Mwanakombo hakunitazama. Alijifunga leso yake vizuri, akatoka nje, akaketi chini kivulini mwa ukuta. Mwanamke wa pili akamfuata, wa tatu, mpaka wote. Hakuna aliyepiga kelele. Injini ilikuwa inapumua peke yake, haina wa kumfanyia kazi.

Wakakaa hivyo mpaka adhuhuri. Sethi alitoka mara mbili kuwaambia warudi. Mara ya pili Mwanakombo alimwambia, “Bwana, sisi kazi tunaitaka. Lakini ile kamba ije huku kwetu, na Nyevu asifukuzwe. Akipona, apewe kazi ya kuchagua pamba, mkono mmoja unatosha.”

Sethi aliingia ndani, akakaa kitambo. Alipotoka alikuwa mtu mwingine, amechoka. Akasema sawa. Akasema pia kwamba ameandika barua Mombasa kuagiza fundi, naye akifika mimi nitakuwa wa kutia kuni. Sikubisha. Jana hiyo hiyo kamba ya kengele ilihamishwa, na mpini wa mtambo ukatiwa kufuli. Ufunguo anao Mwanakombo.

Leo ndiyo siku ya kwanza ya mpango huo. Baada ya adhuhuri nilipeleka habari kwamba injini iko tayari kwa marobota. Mwanakombo akaja mwenyewe, akaangalia saa ya mvuke, akaangalia taa. Zilikuwa zikitikisika kidogo sana, kuni za leo zina maji.

“Bado,” akasema.

Sethi alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Alifungua kinywa, akakifumba. Tukangoja. Nikatia kuni kavu, mshale ukapanda taratibu, taa zikatulia. Kengele ikalia, mashine tatu zikasimama, mikono ikatoka. Ndipo Mwanakombo akafungua kufuli, na mtambo ukaanza kushindilia. Taa hazikupepesa.

Nilidhani nikiona hivyo nitapata raha. Sikupata. Kumbe siku zote hizi kinga haikuwa katika hesabu zangu. Ilikuwa katika mtu mmoja kuwa na uwezo wa kusema bado, na tajiri akakosa la kumfanya. Kwa nini hilo liligharimu vidole vya mtu ndipo nikaliona?

Kesho Ijumaa kiwanda kimefungwa. Baada ya sala nitavuka mto na jembe langu, nilale kwa jamaa upande ule, na Jumamosi nilime; ruhusa ya siku hiyo moja nimeshaiomba. Nyevu hakuniita, wala Kahindi hakuniambia nije. Lakini mashamba ya mahindi yanataka kusafishwa kabla ya masika, na katika nyumba ile yupo mtu asiyeweza kushika mpini. Wakinifukuza, nitaondoka. Wiki ijayo nitarudi tena.