Maneno ya Ghassan Kinywani Mwangu

Lubumbashi, Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025

Kwako yaya Christiane, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu katika Bwana, wewe na shemeji na watoto wote wanaolala chini ya paa lako. Natumaini goti limepunguza maumivu, na kwamba dawa niliyokutumia ilifika bila kuvunjika chupa. Sisi hapa tunaamka. Mvua imeanza kunyesha kweli, tope jekundu linaingia mpaka darasani, na mimi nafundisha watoto sitini na wanne wa mwaka wa tatu kwa koo lililokauka. Mwili wangu ni mzima. Habari za roho nitakueleza polepole.

Nilipata ujumbe wako kwamba mdogo wetu Élie amekutengenezea paa la jiko, na kwamba mnakwenda pamoja kanisani kila Jumapili. Nilifurahi, kisha nikakaa siku tatu bila kujibu. Ningeweza kupiga simu, lakini simu yako husikilizwa na nyumba nzima. Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha Likasi kwa kuwa watoto wako hawakisomi. Tafadhali soma peke yako, ukiwa umekaa.

Unakumbuka nilikuambia kwamba vile vyumba viwili vya uani, nyuma ya lupango langu, nimewapangisha Wasiria. Sikukueleza ni watu gani. Mwanamume anaitwa Ghassan, fundi wa mashine za mafuta ya mazuti, mtu wa mji wa Hama. Mke wake ni Rim, na binti yao Jumana alikuwa na miaka saba walipofika kwangu. Vita iliwatoa kwao, wakaishi Lebanoni kwenye hema, katika shamba la watu, na Jumana alizaliwa humo hemani. Huko mfanyabiashara mmoja mwenye magari ya mizigo hapa Lubumbashi aliwaahidi kazi na nyumba. Walipofika, hata miezi mitano haikuisha wakakosana naye kwa sababu Ghassan alikataa kufanya kazi siku saba kwa juma. Yule bwana akawatoa nje na kubaki na pasipoti zao.

Kavugho, yule mama wa Butembo anayeuza unga kwa jumla, ndiye aliyewaleta kwangu. Rim alikuwa mteja wake. Kavugho mwenyewe alikuwa amejaza sebule yake na ndugu kumi na mmoja waliokimbia vita vya Kivu. Akaniambia: "Mwalimu, kwangu hakuna tena pa kutandika hata mukeka. Na aba bantu habana na muntu." Kweli hawakuwa na mtu. Nikawafungulia.

Yaya, nisiwasingizie majirani, watu wa kartie yetu. Waliwapokea vizuri. Watoto waliwafuata njiani wakiimba "ba-Arabe, ba-Arabe", lakini kanisa letu lilichanga magodoro mawili, na watu wa msikiti wakaleta mchele. Shefu wa kartie aliwaandika kwenye kitabu chake. Ofisi ya wakimbizi iliwapa karatasi ya kungojea, na waliirudia kila ilipokwisha muda wake. Shule yetu ilimpokea Jumana bila cheti cha kuzaliwa, nami nilisema neno langu kwa mkurugenzi.

Aliyewapenda kupita wote ni Mama Kapya, jirani yangu wa ukutani. Yeye ndiye aliyemfundisha Rim kusonga bukari ya mahindi mpaka isiwe na madonge, na kupika majani ya sombe bila kuyaunguza. Rim naye akamfundisha mikate yao ya bapa, na kila asubuhi wakawa wanauza pamoja kwenye geti langu, mikate na maharagwe. Mtoto wa mwisho wa Mama Kapya, Chadrack, kijana wa miaka ishirini na miwili, alikuwa akimbeba Jumana mabegani kuvuka tope la barabara kubwa.

Mimi nikawafundisha Kiswahili, alasiri, kwenye meza yangu. Rim alishika haraka. Ghassan ulimi wake ulikuwa mzito. Alichanganya maneno, akamalizia kwa mikono. Nilimzoea hata nikawa namwelewa kabla hajafika mwisho wa sentensi. Alikuwa amejenga karakana ya mabati mbele ya lupango, na wateja wakishindwa kumwelewa waliita: "Mwalimu, kuya utuambie anasema nini." Nilikuja, nikawaambia. Wengi wa wateja hao walikuwa wachimbaji wa Kambove, wale wanaochimba shaba kwa mikono. Walimletea pompi zao za kunyonya maji shimoni.

Mambo yaligeuka pole pole. Serikali ya kwao ilipoanguka mwezi wa Desemba, watu walikuja kumpa Ghassan mkono wa pongezi. Kufika Januari, watu hao hao wakaanza kuuliza: "Vita yenu iliisha, munangoya nini kurudia kwenu?" Rim akawaeleza kwamba barabara waliyokaa haipo tena, hata mawe yake yamebebwa. Mafundi wengine nao wakanung'unika kwamba Mwarabu anawanyang'anya wateja. Mimi niliendelea kusahihisha daftari zangu, nikiikumbuka Likasi. Wewe na mimi tulizaliwa pale, na walipotufukuza sisi watu wa Kasai, wakituambia turudi kwetu, hatukuijua hata njia.

Kisha mwezi wa tatu, siku ya Jumanne, Chadrack na wenzake wawili walishuka shimoni Kambove. Pompi ilikuwa ikinyonya maji juu yao. Saa tano ikazima. Maji yakaingia kutoka shimo la kale lililokuwa kando, ukuta ukalowa, ukaanguka. Ilichukua siku mbili kuwatoa. Na pompi ile kila mtu wa kartie alikuwa ameiona kwenye karakana ya Ghassan juma lililotangulia.

Siku ya mazishi watu walitoka makaburini wakaja moja kwa moja kwenye geti langu, saa nane mchana. Nilimsukuma Rim na Jumana ndani na kufunga komeo. Ghassan alikuwa karakanani. Walimpiga kwa vyuma vyake mwenyewe. Nilichungulia dirishani nikamwona Mama Kapya amesimama barabarani na kitambaa cha kilio kichwani. Hakusema wapige, wala hakusema waache. Polisi walipomchukua, jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha na taya limevunjika mara mbili. Karakana ikachomwa. Tangu siku ile yuko gerezani, huu ni mwezi wa nane. Hakuna anayenunua mkate wa Rim. Shuleni hakuna aliyetaka kukaa benchi moja na Jumana, mpaka nikamhamishia darasani kwangu, karibu na meza yangu. Na kwenye geti mtu aliandika kwa makaa: "Mugeni anachunga mugeni."

Habari ya kartie inaishia hapo, nawe huenda umekwisha kuisikia kwa watu. Inayofuata siyo ya kartie. Ni yangu, na ni ya Élie.

Pompi ile ilikuwa haijamalizika. Jumamosi kabla ya ajali, Élie alikuja na pikapu yake kuichukua, kwani ndiye aliyekuwa akiwasafirishia wale vijana mizigo, na alikuwa amewaahidi. Ghassan alikataa. Alisema mashine inazima ikipata moto, kuna kipande kinakuja kutoka Ndola, Zambia, angoje mpaka Ijumaa. Élie akajifanya hakuelewa. Basi Ghassan akanigeukia mimi, nami nikamrudilia Élie kila neno kwa Kiswahili safi. Akacheka. Akasema ni ya siku mbili tatu tu, vijana hawali kama hawachimbi.

Jumatatu asubuhi Ghassan alikwenda ofisini kwa ajili ya karatasi yao. Élie akarudi, akaniomba ufunguo wa karakana. Nilimpa, yaya. Ulikuwa jikoni, umening'inia pamoja na funguo zangu. Nilijua anachotaka kufanya. Nilijiambia kwamba siku mbili si kitu.

Siku moja baada ya Ghassan kukamatwa, inspekta aliniita kituoni kwa sababu hakuna aliyemwelewa. Taya lilikuwa limefungwa kwa kitambaa, na kila neno lilitoka na mate yenye damu. Hata mtu aliyekizoea Kiswahili chake asingeelewa kitu. Mimi nilielewa yote. Alisema: "Mashine haiko tayari. Mimi nilikataza. Iliyas alichukua. Mwalimu anajua." Iliyas ndiye Élie, kwa lugha yao jina hilo hutamkwa hivyo, na hakuwahi kumwita vingine. Inspekta akauliza: "Iliyas ni nani? Anasema nini?"

Nikamjibu kwamba Iliyas ni nabii Eliya, na mtu huyu anamwomba nabii wake. Nikasema kwamba anakiri kosa ni lake, mashine aliiachilia ikiwa mbovu, na anawaomba radhi mama wa marehemu. Inspekta akaandika. Nikatia sahihi yangu chini.

Ghassan alijua Kiswahili cha kutosha kusikia nilichosema. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe. Aliniangalia kwa lile jicho moja, nikangoja apige kelele. Aliinamisha kichwa, wakamchukua.

Usidhani natafuta sababu, lakini wewe ulikuwepo. Ulikuwepo pale kwenye stesheni ya Likasi tuliposubiri treni wiki baada ya wiki, kipindupindu kikapita katikati yetu. Mama hakuwa na nguvu ya kusema mengi. Alimfunga Élie mgongoni pangu, mimi nikiwa na miaka kumi na mmoja na yeye miwili, akaniambia nisimshushe. Tulipomzika, wewe ukapanda treni na baba, sisi tukaletwa kwa shangazi huku. Inspekta alipouliza jina, nilisikia uzito ule mgongoni. Niliwaona watu wale wa makaburini wakimgeukia Élie na vyuma vyao, na huyu ni Mkasai, wangekuwa na neno la ziada la kumwitia. Alasiri hiyo hiyo nikampandisha Élie gari la kwanza, nikakutumia ujumbe kwamba anakuja kwako Mbuji-Mayi kutafuta biashara. Ukamfungulia mlango bila kujua unafungulia nini. Nisamehe kwa hilo kwanza.

Miezi minane Rim amekuwa akiniita dada. Anapeleka chakula gerezani kwa sufuria zangu. Amenishukuru zaidi ya mara moja kwamba nilikwenda kumsemea mume wake. Ghassan hakumwambia. Nimejiuliza sana kwa nini, na jibu ninaloliona ni moja: mke na mtoto wake wanalala nyumbani kwangu, na hapa mjini hakuna mlango mwingine uliobaki wazi kwao. Amenyamaza ili nisiwafukuze. Kumbe hata huko ndani, akiwa na kikohozi kisichokwisha, bado ananiogopa.

Alhamisi iliyopita mwanasheria wa maskini alikuja kutuambia kwamba kesi inasikilizwa Jumanne hii. Alisema hana la kufanya, maana kuna karatasi ya kukiri, na hakimu anaweza kumpa miaka kumi. Rim alikaa chini kwenye sementi, palepale alipokuwa.

Jana nilimwambia. Alikuwa akichekecha unga. Mara ya kwanza aliniomba nirudilie, kwa sababu alifikiri Kiswahili kimemdanganya. Nikarudilia taratibu, kama ninavyowasomea watoto imla. Ungo ukabaki mkononi mwake. Aliuliza: "Utasema vile mbele ya hakimu?" Nikasema ndiyo. Akaingia ndani, akatoa sufuria zangu zote, akazisugua kwa majivu, akaziweka mlangoni kwangu. Kisha akaniambia kwamba angependa kuondoka hata leo, lakini hatatoka hapa kabla ya Jumanne. Anataka kuniona kwa macho yake kila siku, nisije nikabadilika.

Kwa Mama Kapya bado sijaenda. Leo baada ya ibada nilifika mpaka ukutani kwake, nikasikia anaosha vyombo, nikarudi. Atayasikia kortini pamoja na wengine, na hiyo nayo ni aibu nyingine juu yangu.

Barua hii nampa Kavugho. Anapanda ndege Jumatano kuja kwenu kwa biashara yake. Kwa hiyo utakapoisoma nitakuwa nimekwisha kusema, na nimeipanga hivyo kwa makusudi, ili usipate nafasi ya kunizuia. Huenda nitakuwa nimefungwa. Kusaini uongo mbele ya polisi si jambo dogo. Ikiwa hivyo, funguo za lupango ziko nyumbani kwa Kavugho, na Rim na Jumana wakae humo kadiri watakavyotaka wenyewe. Shuleni nimeacha daftari zote zimesahihishwa.

Kuhusu Élie, nitakuwa nimelitaja jina lake, lile alilobatiziwa, pamoja na la baba. Mpe barua hii aisome mwenyewe. Akitaka kurudi, nitamngoja kortini au gerezani. Akitaka kukimbia, mimi sitamfuata, lakini usimpe pesa ya njia. Na usiniandikie kwamba nimemshusha mtoto wa mama mgongoni. Hilo nalijua kabla yako.

Msalimie shemeji kwa heshima zote. Wabusu watoto, hasa yule wa mwisho ambaye sijamwona bado. Waambie shangazi yao alikuwa mwalimu mzuri, kama watauliza.

Asubuhi hii Rim alinikuta mezani nikiandika. Aliuliza namwandikia nani, nikamwambia ni dada yangu, ndiye anayekaa na Élie. Akasema: "Musalimie. Yeye hajafanya kitu." Nakufikishia maneno yake kama alivyoyasema, bila kuongeza wala kupunguza.

Mdogo wako,

Léonie Ntumba