Zaituni, Geti Lenu Lilisikika Redioni

Mpendwa mdogo wangu Zaituni,

Leo Jumapili saa kumi wasikilizaji wamekaa wakimsubiri Bi Tunu, mpelelezi wao wa kujitegemea, yule anayemnywesha mteja chai kwanza ndipo amuulize shida yake. Hakuna mchezo leo. Nimeomba nafasi hii nikusomee barua mubashara, kwa sauti hiihii ninayomwigizia Bi Tunu, kwa sababu simu yako haipatikani wiki ya tatu sasa. Redio ndiyo njia pekee niliyobaki nayo ya kuingia nyumbani kwako.

Unakumbuka nyumba yetu ya Kipawa, jirani na uwanja wa ndege? Sie tumebanana mkekani, tunasikiliza michezo ya redio, na ikifika pale mwizi anatajwa, ndege inapita juu ya bati letu, hatusikii kitu. Mama anasonya. Wewe na miaka yako saba unatuambia alichosema mtu redioni, neno kwa neno, bila hata kucheka. Nilikuwaga nakuamini. Nimekuja kujua ukubwani kwamba ulikuwa unatunga, na mpaka leo naona miisho yako ilikuwa mizuri kuliko yao. Nilipoanza kumwandika Bi Tunu, huruma yake niliitoa kwako. Hilo sikuwahi kukuambia, uchoyo tu.

Basi mwaka huu nikaja kwako Chanika, tukakaa uani tunamenya mihogo. Ukashusha sauti, ukaniambia umekuta boksi darini, ndani mna miwani na kitambulisho cha mke wa kwanza wa mumeo, yule tuliyeambiwa aliachika akarudi kwao Lindi. "Dada, mtu haoni bila miwani, anaiachaje?" Mie nikacheka. Nikakwambia kazi ya Bi Tunu ingekufaa wewe. Kisha, Mungu anisamehe, nikarudi nyumbani nikaiandika siri yako kuwa mchezo.

Nilijiona mjanja. Miwani nikaifanya bangili, Chanika nikaifanya Morogoro, mumeo nikamfanya seremala. Mwisho nikauweka wa furaha: mke anakutwa mzima, anauza vitenge, wote wanakunywa chai ya Bi Tunu. Lakini siku ile ya mihogo nilikuwa nimelirekodi geti lenu kwa simu, kwa jinsi linavyolia: linatoa mlio mwembamba, linakwama, halafu linakwaruza saruji. Nilikuambia fungua tena, funga tena, ukanitania kwamba redio imenitia wazimu. Geti hilo nikaliweka kwenye mchezo kama lilivyo. Majina nilibadilisha yote, sauti ya nyumba yako nikaiacha.

Mchezo ulipoisha ulinipigia, unanong'ona. "Dada, amesikia. Ametoka nje, amelifungua geti na kulifunga mara tatu." Unajua nilichokujibu. Nilisema mageti yote ya bati yanalia, acha woga, nenda kapike. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyokuambia, na yananichoma.

Alhamisi hii nilikuja. Mumeo alinifungulia, na geti limetiwa grisi, halikulia hata kidogo. Akaniamkia vizuri, "Shikamoo dada," akanipa soda. Akasema umekwenda Masasi kumuuguza mama yetu. Sikubisha. Mama nilikuwa nimeongea naye kwa simu asubuhi ileile: haumwi, wala hajakutia machoni tangu Idi. Kanga zako zilikuwa kambani, zimepauka upande mmoja, hakuna aliyezianua. Mumeo akatabasamu. "Ule mchezo wa geti ulinigusa sana, dada. Mie Jumapili sibanduki hapa sebuleni mpaka kipindi kiishe." Nikainywa soda yake yote, maana niliogopa kuiacha.

Nilitoka hapo nikaenda moja kwa moja kituo cha polisi. Afande aliyenisikiliza ni mwanamke. Hakunipa chai, wala hakuniita Bi Tunu. Aliandika kila kitu, kisha akauliza swali moja: huyu bwana anapatikana nyumbani saa ngapi, kwa uhakika?

Nikamjibu.

Zai, naogopa. Bi Tunu angekuwa na neno la kukutuliza moyo, mie sina. Najua tu kwamba nilichukua siri yako nikaifanya burudani ya Jumapili, na kama kuna baya limekupata, limepitia mdomoni mwangu. Nisamehe, kama upo mahali pa kunisikia.

Umeona leo nasoma polepole, mie ambaye mama hunigombeza kwa kuongea haraka. Ni makusudi. Mumeo naye anasikiliza, na hawezi kuinuka kwenye kiti chake cha sebuleni kabla hajajua najua kiasi gani. Afande aliniomba nimshikilie hapo kwa dakika chache tu. Mpaka nafika mstari huu, yeye na wenzake, pamoja na mwenyekiti wa mtaa wenu, wameshaingia uani. Kama umo humo ndani, mdogo wangu, piga kelele sasa.

Ni mie,
Dada yako